Mtu wa Kipimo

Jioni ile nilikwenda kutoa kopi za vyeti vyangu. Mara ya ngapi, nimeacha kuhesabu. Kuna ofisi ilitaka kopi tatu za kila cheti, zote zimegongwa muhuri, ili baadaye wanitumie ule ujumbe wao wa "asante kwa kuonyesha nia". Nia. Miaka minne tangu nihitimu, nia ndiyo kitu changu pekee kilichowahi kuonekana.

Kibanda cha kopi kiko kwenye kona ya mtaa wetu, kati ya saluni na fundi viatu. Mwenyewe tunamwita Dada wa Kopi. Mwanamke wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi, maneno yake machache. Mashine yake ni kongwe, ikipitisha mwanga inaguna kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Kila mteja anaambiwa sentensi ileile.

"Usisahau orijino kwenye mashine."

"Nani anasahau orijino, dada?"

"Wote. Mtu anaondoka na kopi zake, roho kwatu, orijino imelala humo."

Nje honi ikalia. Alikuwa Kaka.

Kaka yangu ni mpiga picha, lakini si wa harusi wala wa pasipoti. Yeye anapiga panorama, zile picha ndefu zinazojaza ukuta mzima, ambapo unaona mlima, bonde na mto kwa mkupuo mmoja. Ukiingia benki kubwa au hoteli yenye lifti, ukakuta maporomoko ya maji nyuma ya dada wa mapokezi, huenda ni kazi yake. Mtaani wanamwita Panorama. Mama anamwita "mwanangu aliyefanikiwa", na akisema hivyo huwa ananitazama mimi.

Akashusha kioo cha gari. "Msomi. Bado unatoa kopi tu?"

"Natoa. Nikichoka nitajitoa kopi mwenyewe nimpelekee bosi."

Akacheka. "Sikiliza. Nina safari. Siku sita, sehemu sita, picha sita, zote zinaenda kwenye jengo moja jipya. Nataka msaidizi. Tukirudi, una meza yako studio. Kazi ya kudumu, dogo. Na jina lako mlangoni."

Jina langu mlangoni.

Wewe ambaye hujawahi kukaa nyumbani kwa mama yako ukiwa na digrii, ukitumwa chumvi na watoto waliokuwa darasa la tatu wakati wewe uko chuo, huwezi kuelewa maneno yale yalivyoniingia. Niliruka ndani ya gari kabla hajamaliza. Kopi nilizikumbatia kifuani.

Asubuhi yake, mji umeshabaki nyuma, ndipo nikakumbuka kwamba cheti cha digrii, kile chenyewe chenye muhuri wa dhahabu, kiko kwenye mashine ya Dada wa Kopi.

"Tugeuze, Kaka. Dakika ishirini tu."

"Utakichukua ukirudi," alisema, na akakanyaga mafuta.

Kabla hatujaondoka nyumbani, Mama alikuwa ametusindikiza hadi getini. Alinishika bega, jambo ambalo si kawaida yake, akanong'ona, "Msikilize kaka yako. Akikwambia simama, simama." Nilidhani ni maneno ya mama tu. Hadi leo sijui kama yalikuwa maneno ya mama tu.

*

Sehemu ya kwanza ilikuwa maporomoko. Tulifika jua likianza kulegea, maana Kaka hapigi picha mchana. Anasema mwanga wa mchana ni wa polisi, wa jioni ndio wa Mungu.

Kazi yenyewe iko hivi. Kamera inakaa juu ya tripodi yenye kichwa kinachozunguka kwa vituo. Tik, kichwa kinahama kituo kimoja. Kacha, picha. Tik. Kacha. Kila picha lazima irudie theluthi ya ile iliyotangulia, ili kompyuta ipate mahali pa kuziunganishia. Picha kumi na mbili zinashonwa zinakuwa moja, na fundi akiwa mzuri huoni mshono.

Kaka akafungua mfuko, akanitolea shati jekundu, jipya, bado lina mikunjo ya dukani.

"Vaa. Wewe ni mtu wa kipimo."

"Nikipima nini?"

"Unasimama, basi. Mtazamaji asipoona mtu, hajui kitu kina ukubwa gani. Bila mtu pale chini, haya maporomoko yataonekana kama bomba lililopasuka."

Kwa hiyo yes, digrii ya jiografia, alama za juu, na kazi yangu ya kwanza maishani ilikuwa kusimama. Nikavaa.

"Na ukishasimama usihame mpaka nikuite," aliniambia. "Kamera ikikukuta hapa, halafu ukakimbilia kule, utatokea mara mbili."

"Si ndiyo raha yake? Ile picha ndefu ya shule, mimi nilizunguka nyuma ya mpiga picha nikatokea pande zote mbili."

"Nakumbuka. Na mwalimu akakuchapa."

"Akanichapa."

"Mara mbili?"

"Mara moja. Yule mwingine hakumpata."

Tulicheka hadi akashindwa kukaza skrubu ya tripodi. Nakumbuka kicheko kile. Kilikuwa kicheko cha ndugu kabisa, sikuona kasoro yoyote ndani yake.

Nikasimama juu ya mwamba uliolowa. Kwa mbali, tik. Kacha. Kamera ikanikuta. Na ilipokuwa inanipita nikasikia harufu.

Mafuta ya nywele. Yale ya kopo la kijani.

Shemeji, mke wa Kaka, alikuwa akipaka mafuta yale. Ukimkuta jikoni asubuhi, harufu inakukaribisha kabla yake. Miaka miwili iliyopita aliondoka. Kaka alitueleza kwamba amekwenda ng'ambo na mwanamume mwingine, bila hata barua. Mama alitoa picha zake zote ukutani, na jina lake likawa tusi nyumbani kwetu. Mimi nilisikitika kimyakimya. Yeye ndiye mtu pekee katika nyumba ile aliyewahi kunisomea barua zangu za maombi ya kazi na kuniambia koma zimezidi.

Nikageuza macho tu, si kichwa. Hapakuwa na mtu. Maji yananguruma, ukungu unapanda...

Na harufu ikakaa karibu na shingo yangu mpaka Kaka aliponiita.

*

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipokuwa mjinga.

Usiku ule kwenye nyumba ya wageni, dada wa mapokezi alimpa Kaka ufunguo mmoja. "Uko peke yako, eeh?" Kaka akasema, "Na mdogo wangu huyu." Yule dada akashtuka. "Samahani, sikumwona." Nami nimesimama mbele yake na begi la kilo ishirini.

Siku ya pili tulipiga miamba iliyopandana kama mikate kwenye sinia. Kwenye mgahawa, mhudumu akaleta kikombe kimoja cha chai. Nikamwita. Nikamwita tena. Kaka akainua kidole kimoja, mhudumu akaja mbio.

Siku ya tatu ilikuwa uwanda wa chumvi, mweupe mpaka macho yanauma. Jioni simu yangu ikakataa kunifungulia. Naishika mbele ya uso, inatafuta, inatafuta, inaandika: uso haujaonekana.

Siku ya nne, korongo. Mlinzi wa geti alichungulia ndani ya gari, akaandika kwenye daftari lake: mtu mmoja.

Mtu mwenye akili timamu angepiga kelele. Mimi? Mimi nilizoea. Miaka minne naingia ofisini, nasimama mbele ya meza, anayekaa nyuma ya meza anaendelea kula karanga. Nimetuma barua zaidi ya mia mbili na sijui kama kuna jicho la binadamu lililowahi kuzigusa. Kwenye sherehe za ukoo wanagawa soda, wananiruka, wanasema wamesahau. Kutoonekana, kwangu, ilikuwa Jumanne ya kawaida. Nikamlaani mhudumu, nikailaani simu ya bei rahisi, nikamlaani mlinzi, nikalala.

Siku ya tano tulipiga daraja la zamani la reli, limening'inia juu ya bonde. Tukiwa njiani Mama akapiga, Kaka akaweka spika.

"Shikamoo, Mama," nikasema.

"Hujambo mwanangu," akasema, na nikajua anamwambia Kaka. "Mdogo wako anaendeleaje? Mbona hata kunisalimia hataki?"

"Mama, mimi huyu hapa. Shikamoo."

"Naona mtandao unakatikakatika. Nasikia upepo tu."

Kaka alikuwa anatazama barabara. Kona ya mdomo wake haikucheza. Nilimwangalia nikitegemea aseme: Mama, yuko hapa, anaongea. Alisema, "Yuko salama, Mama. Kesho tunamaliza."

Nilifungua dirisha nikapata hewa.

*

Ya sita ilikuwa kilele cha kilima kilicho uchi, hakina mti wala kichaka, katikati ya nyanda zisizo na mwisho. Kutoka pale unaona dunia pande zote. Kaka alisema hii si ya vipande kumi na mbili. Hii ni duara zima, vipande kumi na nane, cha mwisho kinarudi kuungana na cha kwanza. Upande wa magharibi kulikuwa na jiwe jeupe, la kimo cha goti.

"Utasimama pale. Lakini kwanza nenda kwenye gari uniletee betri ya akiba. Mfuko wa pembeni wa begi la laptop."

Nikashuka. Jua lilikuwa limebakiza kama upana wa mikono miwili.

Laptop ilikuwa wazi kwenye kiti cha nyuma, ikiendelea kushona picha ya daraja. Sikuwahi kuziona zikiwa zimekamilika. Kaka alikuwa akisema subiri, mpishi haonjeshwi... sijui nini. Nikainama kutazama.

Daraja. Bonde. Mimi na shati jekundu, mdogo kama kiberiti, pembeni kushoto.

Na katikati ya daraja, mwanamke.

Gauni la njano. Hakuwepo. Nilisimama pale karibu nusu saa, sikuona mtu. Nikafungua vipande kimojakimoja kabla havijashonwa. Cha kwanza, hayupo. Cha pili, hayupo. Cha saba, cha nane, hayupo. Nikarudi kwenye picha iliyoshonwa, yupo. Alikuwa amesimama pale tu ambapo kipande kimoja kinaingia ndani ya kingine.

Alikuwa kwenye mshono.

Nikafungua ya maporomoko. Yupo, mbali sana, ametupa mgongo. Ya miamba, yupo, karibu zaidi. Ya chumvi, amegeuka nusu. Ya korongo, anatazama moja kwa moja. Nikakuza uso hadi ukawa madoa, lakini nilishamjua kabla sijakuza. Kwenye picha ya daraja mkono wake ulikuwa umeinuka, kiganja nje, kama unavyofukuza kuku wasiingie kwenye unga.

Shemeji alikuwa ananifukuza.

Nikatazama na ule uso wangu mwenyewe, kwenye picha zote tano. Maporomoko, nilikuwa mtu kamili. Miamba, nilionekana sana, rangi imeiva. Chumvi, niling'aa. Kadiri safari ilivyokwenda, ndivyo yule wa kwenye picha alivyozidi kukolea. Nikainua mkono wangu wa kweli mbele ya dirisha la gari. Nikaona mstari wa kiti kupitia kwenye vidole.

Ndani ya gari kulikuwa na harufu ya kopo la kijani.

Ufunguo wa gari ulikuwa mfukoni mwa Kaka. Nikachukua betri. Nikapanda.

*

"Kaka. Shemeji yuko wapi?"

Alikuwa ameinama anasawazisha tripodi. Hakugeuka.

"Umeangalia laptop."

"Yuko wapi?"

"Anaonekana vizuri, sivyo?" alisema taratibu. "Miaka miwili, hajazeeka hata siku moja."

Upepo ulipita katikati yetu.

"Sikumsukuma mtu," akaendelea, akijibu swali ambalo sikuuliza. "Picha zangu za kwanza zilipauka zote. Mwezi mmoja ukutani, zinakuwa nyeupe kama shuka la hospitali. Wateja wakazirudisha. Siku moja nikamsimamisha yeye ndani, kwa bahati tu, na lile gauni nililomnunulia. Ile haijapauka mpaka leo. Nikamsimamisha tena. Na tena. Nilipoelewa, alikuwa ameshakuwa hivyo ulivyo wewe sasa."

"Na ukaendelea."

"Ilikuwa imebaki moja."

Alisema hivyo kama fundi anayeeleza kwamba ilibaki nati moja.

"Mbona mimi, Kaka?"

Hapo ndipo aliponitazama. Na kilichoniuma si kwamba alinidanganya. Kilichoniuma ni kwamba alifikiria. Alifikiria kweli, kichwa upande, kama mtu aliyeulizwa kwa nini alinunua tairi hizi na si zile.

"Kwani wewe nani angekuulizia?" alisema.

Nikaiweka betri chini, karibu na mguu wa tripodi.

"Huko ukutani watu watakutazama kila siku, dogo. Mameneja. Wageni. Hapa ulipo nani anakutazama? Nenda kasimame. Ukikataa utabaki hivyohivyo, nusu. Mama mwenyewe ameshindwa kukusikia."

Jua likagusa ukingo wa dunia.

Nikaenda. Naapa nilikwenda mwenyewe, miguu yangu, hadi kwenye jiwe jeupe, maana nilikuwa nimebakiwa na ujanja mmoja tu maishani na ulihitaji nianzie pale. Kama duara linaanza nami na halimaliziki nami, halitaungana. Picha isiyoungana inatupwa. Na kwenye duara zima kuna sehemu moja tu ambayo kamera haiwezi kukuona: nyuma yake.

Tik.

Kacha.

Ikanikuta. Ikanipita. Nikavua viatu.

Tik. Kacha.

Nikakimbia nimeinama, nikaingia nyuma ya mgongo wa Kaka. Yeye anazunguka na kamera, nami nazunguka na yeye, hatua moja nyuma, miguu mitupu kwenye majani makavu. Jicho lake lilikuwa kwenye kamera. Kusini. Tik. Nilibana pumzi. Mashariki. Kacha. Kivuli cha kilima kilikuwa kinatambaa nyandani. Nilisikia harufu ya jasho lake, sabuni ileile tunayotumia nyumbani tangu utoto. Kaskazini. Tik... Kacha... Kumi na sita. Kumi na saba.

Kamera ikarudi magharibi. Nikachungulia juu ya bega lake, nilione lile jiwe tupu, niifurahie sura yake atakapoliona.

Kwenye jiwe alikuwa amesimama mtu.

Shati jekundu. Viatu vyangu miguuni. Mikono ubavuni, kidevu juu, ametulia tuli.

Kama alivyoelekezwa.

Kacha.

"Tayari, msomi," Kaka akamwita. "Twende nyumbani."

Yule mtu akateremka kwenye jiwe, akaja, akabeba begi. Alilibeba vizuri kuliko mimi. Hakulalamika.

"Kaka," nikasema. Nilikuwa hatua moja nyuma yake. "Kaka, mimi huku."

Mkono wake ukasimama kwenye skrubu. Vinyweleo vya shingo yake vikasimama, kimoja kimoja, nikaviona.

Alisikia.

Halafu akaendelea kufungua skrubu. Akakunja tripodi. Wakashuka pamoja, na yule mwingine akafungua mlango wa mbele, akakaa kwenye kiti changu, akafunga mkanda.

*

Nilirudi kwa siku tisa, nyuma ya malori. Hakuna konda aliyenidai nauli. Ndiyo faida pekee niliyoiona.

Nilifika nyumbani jioni, mlango uko wazi, sahani zinagonganagongana. Walikuwa watatu mezani. Mama, Kaka, na yeye. Shati limepigwa pasi. Alikuwa anaeleza kuhusu meza yake mpya studio, na Mama anacheka. Anacheka kwa maneno yanayotoka kwenye mdomo wangu. Mimi sikuwahi kumchekesha hivyo.

"Mama," nikasema mlangoni.

Akainua kichwa. Akatazama pale niliposimama. Alitazama muda mrefu, kijiko hewani, na uso wake ukaanza kuwa na kitu, kama mtu anayejaribu kukumbuka aliacha nini jikoni. Kaka alikuwa anatazama sahani yake.

"Mwanangu," Mama alisema, "funga mlango. Upepo unaingia."

Yule ndiye aliyeinuka. Akaja hadi kizingitini, tukatazamana, pua kwa pua. Yeye alikuwa ananiona vizuri sana. Pumzi yake ilinuka karatasi ya moto, ile inayotoka kwenye mashine sasa hivi. Akafunga mlango taratibu, kwa adabu, kama unavyomfungia mgeni aliyekosea nyumba.

Wiki ile nilikwenda kwenye lile jengo jipya. Picha zimewekwa, ukuta mzima wa ghorofa ya chini. Nilisimama mbele ya ile ya kilima. Kwenye jiwe jeupe hakuna shati jekundu. Yuko Shemeji peke yake, ameziba mdomo kwa mkono. Na pale ambapo kipande cha kwanza na cha mwisho vinakutana, rangi imeanza kupauka. Doa jeupe, la ukubwa wa kiganja. Juzi nilirudi kuangalia. Limekuwa la ukubwa wa mlango.

Kopi haikai bila orijino. Kaka na yule mwingine pia wameshajua hilo.

Kwa hiyo nashinda kwenye kibanda cha Dada wa Kopi. Pembeni ya mashine ana ubao wa misumari ambako hutundika makaratasi yaliyosahaulika: vitambulisho, hati za viwanja, vyeti vya kuzaliwa. Cha kwangu nilikikuta kwenye msumari wa tatu, muhuri wa dhahabu unang'aa. Jina langu lote, herufi kubwa. Nikakishika, kikashikika. Dada wa Kopi aliona karatasi ikitoka kwenye msumari yenyewe. Hakupiga kelele. Alisogeza kiti cha wateja kikae mbele ya kompyuta, akaenda zake kula. Tangu hapo anaiacha inawaka kila jioni, na ndiyo ninayoichapia haya.

Jana, jua likizama, alikuja.

Shati jekundu lile lile. Aliegemea kaunta kama ninavyoegemea mimi.

"Shikamoo dada. Nimekuja kuchukua cheti changu cha digrii. Nilikisahau kwenye mashine."

Dada wa Kopi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa tena. Alichukua muda wake.

"Kimeshachukuliwa," akasema.

"Na nani?"

Sijui kama aliniona. Nilikuwa nimebanwa kati ya ukuta na mashine, nyuma ya mgongo wa yule. Dada wa Kopi hakutazama upande wangu hata kidogo.

"Na mwenyewe."

Nje, Kaka alikuwa anamsubiri kwenye gari, injini inanguruma.

Halafu akaanza kugeuka. Hakugeuka kama mtu anavyogeuka. Mabega yalihama kidogo, yakasimama. Yakahama kidogo, yakasimama. Na kila yaliposimama kulikuwa na sauti ndogo, mahali fulani ndani ya shingo.

Tik.

Miguu yangu ilikuwa mitupu tangu kule kilimani. Nilibana cheti kifuani, nikaanza kuzunguka nyuma yake.